Bibi Mannoubia, Uliyehamishia Jiko Mlangoni

Mwaka umezunguka, Bibi, tangu asubuhi ile ulipoondoka bila kumuuliza mtu yeyote kama amekula. Hilo peke yake lilitosha kutujulisha kuwa safari hii umeondoka kweli. Hukuwahi kumwona mjukuu akikatiza mbele yako bila kumpiga swali hilo, na jibu lake halikuwa na kazi. Aliyesema "bado" alipewa chakula. Aliyesema "nimeshakula" aliulizwa, "Umekula kwa nani?" kwa sauti ya askari wa barabarani, kisha naye akapewa chakula.

Familia imenipa mimi, Nesrine, mjukuu wako wa kwanza, niandike kumbukumbu hii. Baba hakupenda. Alisema, "Mpeni Skander, huyu dada yake ataleta mzaha." Mama akamjibu, "Kwani mama yako alijua lugha nyingine?" Kwa hiyo, Bibi, ukikuta humu neno la kukukosea adabu, mlaumu mkweo.

Tunaikumbuka mikono yako, iliyonukia maji ya maua ya mchungwa hata ukitoka kumenya vitunguu. Tunaukumbuka mfuko wa gauni lako, wenye dengu za kukaanga zilizochanganyika na nyuzi, vifungo na pini. Ulitugawia tukala, tukatema vifungo. Ukitaka kumwita mmoja wetu ulianza na jina la Baba, ukaja la Ami Lotfi, ukapitia kwa paka, ndipo ukamfikia mwenyewe, na hapo ukamgombeza kwa kuchelewa kuitika. Redio ulibishana nayo. Msomaji wa habari akisema kesho kutanyesha, ulimuuliza, "Nani kakwambia? Magoti yangu hayajasema kitu."

Na tunaikumbuka kazi yako. Kila kiangazi wanawake wa mtaa wetu hapa Testour walikuja kukaa nawe uani, kuviringisha kuskusi ya kula mwaka mzima. Wewe ulikaa katikati na sinia lako kubwa la mbao. Ulinyunyiza maji ya chumvi juu ya ngano iliyosagwa, ukazungusha viganja mpaka unga ukawa chembechembe, ukachekecha, ukaanza tena. Wenzako waliwafukuza watoto. Wewe ulituita. Jirani yako Bi Kmar alikuwa analia kabisa. "Mannoubia, hao watakuharibia!"

"Kuskusi ikiharibika nitapika nyingine," ulimwambia. "Mjukuu akinikimbia nitampika wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yako, na hukuwahi kuibadilisha. Ulisema mtoto hamzoei bibi yake kwa kupigwa busu sebuleni na kupewa biskuti. Anamzoea kwa kulichafua jiko lake. Kwa hiyo tulilichafua, mimi na Skander, pamoja na watoto wa Ami Lotfi, Eya na mdogo wake Ghassen. Kila Ijumaa wote wanne tulikuwa miguuni pako, unga mpaka kwenye nyusi.

Mpaka kiangazi kile Ghassen alipotahiriwa.

Najua, Bibi, hukupenda jambo hili lisemwe mbele za watu. Lakini Testour nzima ililiona, na asiyelijua hatajua ulikuwa mtu wa namna gani. Siku ile Ami Lotfi alimpa kaka yake, yaani baba yangu Hedi, heshima ya kupasua mtungi. Dakika ile ile mtoto anapokatwa, mtungi uliojaa peremende na lozi unapigwa chini, puu, ili kelele na vitamu vimsahaulishe maumivu. Baba alichelewa. Yeye mpaka leo anasema lilikuwa tairi la pikipiki. Watu wa mkahawani wanasema ilikuwa penalti. Alipoingia amekumbatia mtungi, Ghassen alikuwa ameshakatwa, ameshafungwa bandeji, na ndiyo kwanza ameanza kutulia. Basi Baba, kwa kuwa ametumwa mtungi, akaupasua hivyo hivyo. Ghassen akaruka kama paka aliyemwagiwa maji, akaanza kulia upya, sasa kwa nguvu zaidi.

"Mwanangu amekatwa bila mtungi!" Ami Lotfi alisema. "Angekuwa wako ungechelewa?"

Neno la kusema pale lilikuwa moja: "Nisamehe." Baba akasema, "Si amekatwa salama?"

Tangu siku hiyo Ami Lotfi alimwita kaka yake "yule bwana", akatangaza kuwa watoto wake hawatakanyaga nyumba anayokaa yule bwana. Na yule bwana, pamoja na sisi wote, tulikuwa tunakaa kwako.

Wewe mwenyewe Ami Lotfi hakukunyima kitu. Alikupigia simu kila siku. "Mama, nakuja kukufuata na gari. Njoo ukae na wajukuu kwangu, upumzike."

"Nije nikae kwenye kochi, mkoba mapajani, kama nimekuja kuposa?" ulimjibu. "Wajukuu wangu wananijua jikoni kwangu. Walete."

"Hapo kwa yule bwana, hapana."

"Yule bwana nilimzaa mimi, na wewe nilikuzaa mimi, na sasa hivi najuta mara mbili." Ukakata simu.

Tulikucheka. Hatukujua bado. Ijumaa ya kwanza bila wao, ulipofika wakati wa kugawa nyama, ulikata mafungu yetu kama kawaida, kisha ukakata mawili mengine ukayaweka ukingoni mwa sinia. Skander alinyoosha mkono, akala mwiko wa vidoleni. Baadaye nilikusikia ukimwambia Mama jikoni, polepole, bila mzaha hata chembe:

"Eya ana miaka tisa, atanikumbuka. Ghassen ana mitano. Na daktari ameshaniambia moyo wangu ulivyo. Huyu mdogo akikaa mbali nami sasa, mimi hatanikumbuka. Atasimuliwa tu. Sitaki kusimuliwa, Radhia, ningali napumua."

Mama alinigeukia akaniambia niende nje nikaangalie nguo kama zimekauka. Zilikuwa zimeanuliwa tangu asubuhi.

Ijumaa iliyofuata ulikuwa umeshapanga vita yako. Ulijaza kuskusi kwenye bakuli la udongo, boga, dengu, nyama ya kondoo juu, ukafunika kwa kitambaa, ukanikabidhi. "Peleka kwa Lotfi. Usiseme neno. Wewe hasa, usiseme neno."

Nilikuelewa nusu njia. Chakula cha Ijumaa kutoka kwa mama hakikataliwi. Bakuli la mtu halirudi tupu. Na kurudisha bakuli ni kazi ya watoto. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka muuza mkate akaniuliza kama ni mzima.

Ila Ami Lotfi ni mwanao, Bibi. Ujanja alinyonya kwako. Alifungua mlango, akaliangalia bakuli, akakuelewa hapo hapo. Akaingia nalo ndani, akamimina chakula kwenye sufuria yake, akaliosha, akalikausha, akanirudishia mkononi linang'aa. "Mwambie bibi yako Mungu ampe afya," akasema, akafunga mlango.

Nikarudi nalo nikikatiza mji mzima. Mtu akibeba bakuli lililofunikwa, hakuna anayemtazama. Akibeba bakuli tupu mchana wa Ijumaa, mkahawa mzima unageuza viti. Bi Kmar alisimama dirishani akashika shavu kama ameona jeneza.

Ulikuwa mlangoni unanisubiri. Ulichungulia ndani ya bakuli. Uso wako siwezi kuuandika.

"Limeoshwa?" uliuliza.

"Limeoshwa, Bibi."

"Na kukaushwa?"

"Na kukaushwa."

"Basi haliingii humu. Lirudishe." Ukanifungia mlango, mimi mjukuu wako wa kwanza, na njaa yangu.

Safari hii aliyenifungulia alikuwa Souad, mke wa Ami. Aliliona bakuli, akaniangalia, akaelewa, akageuka ndani. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye kinu cha zeituni.

"Lotfi! Umemrudishia mama yako bakuli tupu?"

"Nimeliosha!"

"Bora ungelirudisha chafu! Watu wamemwona huyu mtoto?"

"Wamemwona wote, mama mdogo," nikasema. Najua uliniambia nisiseme neno. Hilo moja lilinitoka.

"Haya basi! Kesho wataniambia mimi ndiye niliyelilamba! Eya! Njoo!"

Wakati huo makomamanga yao yalikuwa yameiva. Souad alilijaza bakuli mpaka likawa na kilele. Eya akalibeba mikononi, Ghassen akashika ukingo, kwa maana ya kusaidia, kwa hiyo lilikwenda limeinama njia nzima. Ami Lotfi alitufuata mpaka barabarani. Aibu ilikuwa imemshika, lakini kiburi nacho kilikuwa hakijamwachia.

"Mfike mlangoni tu!" alipiga kelele. "Mmenisikia? Msiingie!"

Na Eya, mtoto mwenye adabu kuliko sisi wote, alipofika kwako alikuambia vile vile. "Bibi, Baba amesema tufike mlangoni tu, tusiingie."

Mimi nilitegemea utawavuta ndani kwa masikio. Skander alitegemea utalia. Wewe ulitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari nzuri.

"Baba yenu ni baba yenu," ulisema. "Akisema msiingie, hamwingii. Kaeni hapo hapo. Skander! Leta kigoda changu. Nesrine, sinia. Na unga. Na chekeche. Na maji ya chumvi. Unanitazama nini, mimi nimekatazwa kutoka?"

Ukakaa kwenye kizingiti cha nyumba yako, magoti yanakulalamikia, sinia mbele yako, nusu ndani nusu nje. Eya na Ghassen wakachuchumaa upande wa barabarani. Ukawashika mikono ukaiingiza kwenye unga.

Tangu hapo, Bibi, jiko lilihamia mlangoni. Kila Ijumaa bakuli lilikwenda, kila Ijumaa watoto walilirudisha, na kila waliporudisha walikukuta umeshakaa. Pikipiki zilipunguza mwendo. Wanawake waliokwenda sokoni walisimama, wakatia maneno, wakaonja. Sisi wa ndani tukitaka kutoka ilibidi turuke sinia. Baba naye alilazimika kuruka, na mifuko yake ya sokoni, akisema "samahani, naomba njia" kwenye nyumba anayokaa. Ghassen alimjibu, "Pita, Ami Hedi, lakini usipige kitu chini." Ulicheka mpaka ukalazimika kushikwa mgongo.

Na unga ule uliwafundisha mengi. Ghassen alikuwa anabinya kila chembe kama anaikamata isikimbie, na kuskusi yake ilikuwa na mabonge ya kutosha kujengea ukuta. Hukumrekebisha. Ulipika mabonge yake kando, ukayala mbele yake, ukasema ndivyo wanavyokula matajiri. Alikuuliza maswali yote aliyokuwa nayo: kwa nini una meno ya kuvua, kama babu alikuwa mrefu, kama utakufa. "Nitakufa," ulimwambia, "lakini si kabla hujanifundisha hayo mabonge yako unayafanyaje."

Mkahawani walianza kumtania Ami Lotfi. "Lotfi, mama yako amefungua mgahawa barabarani, unalipisha nini?" Alirudi nyumbani amenuna. Lakini amri ilikuwa amri yake mwenyewe na watoto walikuwa wanaitii. Hakuwa na la kuwakemea.

Kisha ikaja Ijumaa ya mvua.

Ilianza kidogo, ikaongezeka, mpaka barabara ikawa mto. Mama alisema, "Mama, leo basi." Ulimwonyesha Eya na Ghassen wanaokuja wamejikunyata, bakuli limefunikwa kwa koti la shule. Ukakaa. Uliwafunika kwa shali lako, lakini mgongo wao ulikuwa nje, na mvua haiulizi nani amekatazwa kuingia.

Baba aliwaangalia kutoka ndani kwa muda mrefu. Kisha alichukua mwavuli, akaruka sinia, akatoka barabarani, akasimama nyuma ya watoto wa ndugu yake na kuwafunika. Mwavuli ulikuwa mdogo. Yeye mwenyewe maji yalikuwa yanamwingia kwenye kola na kutokea kwenye viatu. Nadhani, Bibi, huo ndio ulikuwa msamaha aliokuwa anauomba, kwa sababu kwa mdomo hawezi, wewe unamjua.

Hivyo ndivyo Ami Lotfi alivyowakuta alipokuja mbio kutafuta wanawe.

"Mtoto ataugua!" alipiga kelele. "Waingize ndani!"

"Umesema wasiingie," Baba akajibu, bila kugeuka.

"Hedi, usinifanyie hivyo! Mvua hii huioni?"

"Naiona. Iko ndani ya viatu vyangu. Sema wewe. Wanao hawaingii kwa amri yangu."

Wewe ulikuwa unaendelea kuzungusha viganja kwenye unga, kama hakuna aliyesimama pale.

Ami Lotfi alimtazama Ghassen. Ghassen alimtazama baba yake, maji yanamchuruzika puani, mikono bado ndani ya sinia, akasema, "Baba, ngoja nimalize."

"Ingieni," Ami Lotfi akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Ingia na wewe, kaka, umelowa."

Baba alifunga mwavuli. Ulimsubiri Ghassen akanyage ndani, mguu mmoja, na wa pili. Ndipo ukainua uso.

"Na wewe Lotfi unaingia, au nawe nikupikie hapo hapo barabarani?"

Siku hiyo walikula sinia moja, Baba upande huu, Ami Lotfi upande ule, wakiitazama nyama ili wasitazamane. Ulipogawa, wote wawili uliwapa fungu dogo. Hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Sisemi walipatana siku moja. Walinuniana mpaka Idi, wakapatana, wakagombana tena kuhusu kondoo. Lakini sisi wanne hatukukosa tena Ijumaa hata moja. Ghassen alikupata, Bibi. Alikupata kwa miaka yote iliyokuwa imebaki kwenye moyo wako, na uliitumia bila ubahili. Ulimfundisha kuchekecha, kusema uongo kwa Bi Kmar, kunywa chai yenye lozi bila kumeza lozi nzima. Ulipolazwa, yeye ndiye aliyekuletea unga kwenye kopo ili usichoke na kitanda, na muuguzi aliukuta ndani ya mashuka wiki nzima.

Kipindi cha baridi kilichopita, umeshaondoka, Souad alijifungua mtoto wa kike. Tulimwita Dorra, kwa kuwa uliapa kwamba atakayempa mtoto jina Mannoubia utamfuata usingizini. Ni mnene na ana hasira. Ungempenda. Siku ya kumpa jina, Ami Lotfi alimbeba, akasimama mbele ya picha yako, akaanza kulia. "Huyu hakuwahi kumjua," alisema. "Hata siku moja." Wakubwa wakainamisha vichwa. Nikiri hata mimi nilikosa la kuchekesha.

Wiki iliyopita, Ijumaa, nilipita jikoni nikamkuta Ghassen ameketi sakafuni. Amemweka Dorra katikati ya miguu yake, na Dorra hajui hata kutembea. Amemtia viganja kwenye unga, unga umefika mpaka kwenye masikio ya wote wawili. Hakuniona. Alikuwa anamwambia kwa makini sana, kama mwalimu:

"Bibi alikuwa na unywele mmoja kidevuni, hapa. Mmoja tu, mgumu. Akikubusu unakuchoma. Usilie, unajifanya hujasikia, kwa sababu ukilia anakubusu tena."

Nilisimama pale nikajishika kidevu. Ule unywele, Bibi. Mimi nimekaa nawe maisha yangu yote na nilikuwa nimeusahau. Niliwauliza Baba na Ami Lotfi, nao walikuwa wameusahau. Hakuna mtu aliyemsimulia Ghassen. Alikuwa nao mwenyewe, wa kwake, mahali ulipomwachia.

Wanaokukumbuka ni wanao Hedi na Lotfi, ambao leo asubuhi wamegombana nani asimame karibu na kaburi, wakasimama pamoja. Wakweo Radhia na Souad. Jirani yako Bi Kmar, ambaye bado anadanganywa. Wajukuu wako Nesrine, Skander, Eya na Ghassen, tuliokujua kwa mikono yetu, na Dorra, anayekujua kwa mikono ya Ghassen.

Tutakukumbuka daima, Bibi. Hatuna mpango mwingine.